Mtumbwi Uliorudi Asubuhi

Jumapili ya Matawi ya mwaka huu, muda mfupi baada ya chakula cha mchana, nilipoteza mwisho wa filamu. Najua ni jambo dogo kwa mtu wa umri wangu, ambaye amekwisha kumzika mume na kaka wawili. Lakini sina namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa na filamu moja kichwani tangu utotoni, yenye mwanzo wake, katikati yake na mwisho wake, na siku hiyo mwisho ule nilinyang’anywa nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nyumbani kwa binti yangu, na sahani ya sombe, majani ya muhogo, mapajani.

Binti yangu anakaa Kasulo, hapa Kolwezi. Mwanawe Merveille, mwenye miaka sita, alikuwa ameletewa filamu kwenye kile kidude kidogo kinachochomekwa ubavuni mwa televisheni. Nilimsikia akiniita toka chumba cha mbele.

“Kambo, kuya. Ni ya kambuzi. Ile unatuhadisiaka.”

Kambo ndivyo wajukuu wanavyotuita huku. Na kambuzi ni mbuzi mdogo wa katuni niliyowasimulia watoto wangu, kisha watoto wao, mara nyingi kuliko nilivyowasimulia habari za babu zao. Nikabeba sahani yangu nikasogeza kiti.

Haikuwa katuni. Binti yangu alinieleza kwamba siku hizi wanazichukua katuni za zamani zilizopendwa na kuzitengeneza upya, mahali pa michoro wanaweka watu wa kweli na wanyama wa kweli, au wanyama waliotengenezwa hata usiweze kubisha. Nami sikubisha. Mbuzi alikuwa mbuzi. Alikuwa na matope kwenye kwato, na tongotongo machoni kama mbuzi wa jirani zetu. Alipozungumza, mdomo ulicheza kidogo tu, na macho hayakusema kitu. Katika katuni yetu macho yalikuwa makubwa kama visosi, na mtoto yeyote alijua kambuzi anaogopa kabla hajafungua mdomo.

“Huyu haogope,” Merveille akasema.

“Anaogopa,” nikamwambia. “Ngoja.”

Hadithi yenyewe ni fupi. Kuna mama mbuzi na mwanawe mmoja, wanakaa ukingoni mwa mto. Mvua inanyesha siku nyingi, mto unafurika, majani yote yanakwenda na maji. Kuna bata mzee anayejua njia za mto. Mama anampandisha mwanawe kwenye mtumbwi pamoja na bata yule, ili aende ng’ambo kwenye mlima, yeye mwenyewe abaki kwa sababu mtumbwi hauwezi kumbeba. Mtumbwi unaondoka. Mama anasimama kwenye maji mpaka magotini, akiutazama unavyokuwa mdogo.

Hapo ndipo kaseti yetu ilipokuwa ikiishia.

Kaseti ilikuwa ya Tata Tshimanga, jirani yetu katika kambi ya wafanyakazi ya Musonoi. Nyumba zetu zilishirikiana ukuta mmoja. Mtu akikohoa kwao, mama yangu alisema pole huku. Baba yangu alitoka upande wa Musumba, akaja kuendesha mashine za mgodi. Tata Tshimanga alikuwa karani wa ghala. Baba yake ndiye aliyetoka Kasai, zamani, alipoletwa na kampuni. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, na binti yake Ngalula alizaliwa katika hospitali niliyozaliwa mimi, mwaka mmoja baada yangu. Kwangu Kasai lilikuwa jina la mto kwenye ramani ya shule, basi.

Katika safu yetu ni wao tu waliokuwa na video. Jumamosi mchana Mama Ngalula alitandika mkeka, na sisi watoto wa safu nzima tuliingia miguu ikiwa imeoshwa, kwa sababu yeye alisimama mlangoni akiikagua. Kila mmoja alikuwa na mahali pake. Tuligombana hata hivyo.

“Inama, weye,” Ngalula alimwambia yeyote aliyekaa mbele yake. “Kichwa munene sawa sufuria ya matanga, hatuone kitu.”

Filamu ilisema Kifaransa, tena Kifaransa cha haraka, na wengi wetu tulijua cha kusalimia mwalimu tu. Tata Tshimanga ndiye aliyetufasiria. Alikaa kwenye kigoda kando ya televisheni, mkono mmoja juu ya mashine, akatupa kila neno kwa Kiswahili chetu. Bata mzee alimpa sauti ya mama mmoja aliyeuza samaki wakavu sokoni, tukamjua papo hapo, tukacheka mpaka akatishia kututoa nje. Ile harufu ya mashine ikipata moto, vumbi na plastiki, bado naijua. Miaka mingi baadaye niliisikia katika duka la fundi wa redio, nikasahau nilichokuja kutengeneza.

Mama mbuzi akiwa amesimama kwenye maji, Tata Tshimanga alibonyeza kitufe. Mashine ikaitema kaseti. Akaipuliza, akairudisha kwenye boksi lake.

“Kaseti inaishia hapa,” alisema. “Lakini mi niliiona yote ku Likasi, mu nyumba ya ndugu yangu. Musikie sasa. Asubuhi, jua inatoka. Mama mbuzi anasikia: mee. Anawaza ni masikio yake inamudanganya. Mee. Anakimbia ku maji. Mutumbwi njo ule unakuja. Bata mbele, kambuzi nyuma. Banenepa bote bawili, juu kule kulikuwa majani mingi.”

“Na mama anasema nini?” tuliuliza, ingawa tulijua.

“Mama anasema: muchelewa, bukari imepola.”

Tuliyasema maneno hayo pamoja naye, safu nzima ya watoto. Yakawa msemo wa kambi. Baba akichelewa kutoka kazini, mama alimwambia vilevile, na ugali ukiwa kweli umepoa.

Ngalula ndiye aliyekuwa na macho makali. Siku moja aliishika kaseti kabla haijaingia kwenye boksi, akautazama utepe wake kwenye mwanga.

“Tata, juu ya nini bande ingali mingi huku?”

“Ile ni matangazo ya Bazungu. Banauzisha sabuni. Unapenda kuangalia sabuni?”

“Apana.”

“Basi.”

Lazima niseme jambo moja juu ya Ngalula, vinginevyo mengine hayataeleweka. Alikuwa na kifua kibovu. Vumbi lilimfunga, baridi ilimfunga, na zaidi ya yote kilio kilimfunga. Akilia sana, pumzi ilianza kupiga filimbi, midomo ikawa ya kijivu, na Mama Ngalula alimweka begani akitembea naye uani, wakati mwingine nusu siku. Kwa hiyo katika nyumba ile kila mtu alijitahidi Ngalula asilie. Nilidhani ni upendeleo. Nilimwonea wivu.

Halafu mambo yakaanza kuharibika, na sisi watoto tuliyajua kwa kelele zilizokoma. King’ora cha kubadilisha zamu kilikoma. Treni za mawe zilikoma kutikisa vikombe kabatini. Magunia ya posho, ule unga wa kampuni uliokuja kila mwezi, yalikoma kushushwa mbele ya kantini. Baba alikaa nyumbani siku za kazi, akitengeneza kiti kilekile. Kisha akaanza kwenda porini kulima mihogo, akarudi na mikono niliyokuwa siijui.

Wakati huohuo nilianza kusikia watu wakisema bilulu. Bilulu wamejaa. Bilulu waondoke. Kilulu ni mdudu, na kwetu mende walikuwa wengi kweli jikoni, kwa hiyo sikuona ajabu. Niliona hata ni vizuri kwamba wakubwa wameamua. Alasiri moja tukasikia kundi la vijana linakuja kwenye safu yetu likiimba kwamba limekuja kuwatoa bilulu. Nilikimbia nyuma ya mlango, nikachukua pampu yetu ya dawa ya wadudu, nikatoka nayo barabarani ili nisaidie.

Waliingia nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikasimama na pampu mkononi nikingoja mende watoke. Kikatoka kitanda. Zikatoka sufuria, godoro, picha ya harusi katika fremu. Kisha wakatoka watu, familia ya asili ya Kasai kama ya Ngalula, mzee mmoja akiwa na kiatu mguu mmoja tu. Mama alikuja akaninyang’anya pampu, akanivuta ndani kwa nguo.

Kwa Tata Tshimanga walikuja mara mbili. Mara ya kwanza walibeba televisheni na mashine yake. Aliyeshika upande wa mbele alikuwa kijana wa safu ya nyuma. Utotoni mwake alikaa nasi kwenye ule mkeka, na Mama Ngalula aliwahi kumrudisha akaoshe miguu. Siku ile aliingia na viatu. Mara ya pili walikuja kusema tu: mpaka Jumapili. Nyumba itakayokutwa na watu wa Kasai baada ya Jumapili itakiona.

Ijumaa asubuhi baba alikuwa ameshakwenda mihogoni. Mama alikuwa anakoroga uji. Mama Ngalula aliingia kwa mlango wa nyuma, amemshika Ngalula mkono, na Tata Tshimanga akaja nyuma yao akabaki kizingitini. Hakuwa mtu wa kuingia jikoni kwa mke wa mwenzake.

“Dada,” Mama Ngalula alisema, “mi siombe bitu mingi. Naomba hii moja. Kifua ya huyu mutoto unaijua. Ku gare banalala inje, juma mbili, mwezi, hakuna mwenye kujua treni inakuja lini. Na baridi hii. Mubakie naye. Umupe jina ya kwenu. Bitu ikitulia, tutamufuata.”

Gare ni kituo cha treni, na watu wa Kasai walikuwa wameanza kukusanyika huko, maelfu, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka kwenye nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Mama aliendelea kukoroga uji. Ulikuwa umeshaiva. Baadaye akauepua, akafuta mikono kwenye kitenge, akanitazama mimi.

“Bale bijana banaulizaka batoto kwanza,” alisema. Ilikuwa kweli, tulijua wote kwamba waliuliza watoto, kwa kuwa mtoto hasemi uongo. “Bakikuuliza huyu ni nani, utaweza kusema ni mudogo yako? Anaitwa Mado, alitoka Dilolo kwa kambo?”

Ningeweza. Lazima niliandike hilo. Nilikuwa na miaka kumi na nilidanganya vizuri, nilikuwa nimewadanganya masista wa shule juu ya mambo makubwa zaidi, na Ngalula alisema Kiswahili kilekile changu, hakuna ambaye angesikia tofauti. Angelala kwenye kitanda changu, penye ukuta wa jiko, pale pasipopata baridi.

Lakini sikuona haja. Niliwaona wakubwa wanahangaika kwa kitu ambacho mwisho wake mimi naujua.

“Juu ya nini abakie?” nikasema. “Aende na babake. Batarudia asubuhi, sawa kambuzi.”

Hakuna aliyecheka. Nikageuka kwa Tata Tshimanga, kwa sababu yeye ndiye aliyeiona yote kule Likasi.

“Si vile, Tata?”

Alikuwa ameweka kiganja kwenye mwimo wa mlango, juu, kama mtu anayeuzuia usianguke. Ngalula alikuwa anamtazama. Alikawia kidogo. Mimi nilidhani anatafuta ile sauti ya bata.

“Ee, mwana,” akasema kwa sauti yake mwenyewe. “Vile njo inaishaka.”

“Basi mi naenda,” Ngalula akasema. “Tena sipende kuitwa Mado. Mado ni jina ya ule mwenye kukojoaka ku kitanda.”

Hapo mimi na yeye tukacheka, kwa sababu Mado yule alikuwa darasa letu na ilikuwa kweli. Mama alisema, “Mutoto amesema,” akaanza kutafuta vikombe vya uji. Niliyapokea maneno hayo kama sifa. Mama Ngalula alimtazama mama yangu kwa muda, kisha akasema asante, dada, wakaondoka bila kunywa.

Walikaa gare majuma matano. Tulikwenda mara tatu kuwapelekea chakula. Mara ya kwanza nilishindwa kuwaona kwa wingi wa watu: mahema ya maturubai na shuka, moshi wa makaa, watoto waliolala juu ya vyerehani na milango, maana wengine walikuja na milango ya nyumba zao. Ngalula ndiye aliyetuona. Alikuwa juu ya godoro lililoviringishwa, amefunikwa koti la baba yake.

“Muchelewa,” alituambia. “Bukari imepola.”

Alikuwa anapumulia mdomo. Kila pumzi ilisikika. Mama alimpa munkoyo aliokuwa ameupika nyumbani, kile kinywaji chetu cha mahindi, akanywa kidogo akasema mtamu, akamrudishia. Mama Ngalula hakutazamana na mama yangu. Walisemezana juu ya maharagwe.

Mara ya pili alikuwa amekonda. Mara ya tatu ndiyo siku treni ilipokuja. Yalikuwa mabehewa ya kubebea mawe, yasiyo na paa. Watu walipandishana kwa mikono. Tata Tshimanga alimwinua Ngalula juu ya kichwa chake, mtu nisiyemjua akampokea kwa juu. Nilikuwa mbali kama hatua hamsini, nimeshika sufuria tupu. Wengine walikuwa wanalia kama kwenye matanga na mimi niliwaona hawana akili. Nilimpungia Ngalula mkono mara moja, kama unavyompungia mtu anayekwenda sokoni. Nikamwambia, “Kesho.” Sijui kama alisikia. Nikageuka kabla treni haijaondoka, kwa sababu jua lilikuwa kali na sufuria ilikuwa nzito.

Habari ilikuja mvua zilipoanza. Aliileta mtu wa reli aliyesali parokia moja nao. Alisema treni ilikwama porini kabla ya Kamina, haina kichwa cha kuivuta, siku mbili na usiku wake. Ngalula alikufa siku ya pili. Baba yake aliazima jembe, akamzika kando ya reli. Kichwa kilipofika, dereva aliwaambia wapande, naye akapanda.

Mama alikaa chini kwenye sakafu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, nikauliza kitu ambacho nilihitaji kukijua: kama huko Kamina kuna mto. Mama alinipiga kofi. Alikuwa hajawahi kunipiga usoni, na hakurudia tena maishani.

Nilielewa kwamba amekufa. Sitaki mtu adhani sikuelewa; mtoto wa miaka kumi anajua kufa. Lakini filamu ilibaki kama ilivyokuwa. Ndani yake mtumbwi ulirudi, na mle ndimo nilimoweza kumwona Ngalula akila, amenenepa. Nilipopata watoto niliwasimulia na mwisho ule. Siku nilipowazika watu wangu niliulalia ule mwisho kama mto wa kichwani. Na kwa habari ya ile Ijumaa jikoni, nilijiambia nilikuwa mtoto tu, nilikosea kama watoto wanavyokosea, na Tata Tshimanga mwenyewe aliamini kama mimi.

Basi Jumapili ya Matawi mama mbuzi wa kweli alisimama kwenye maji ya kweli, mtumbwi ukawa mdogo, na mimi nikainuka na sahani yangu kwenda kuiosha. Kwangu filamu ilikuwa imekwisha.

“Kambo, haiyaisha,” Merveille akasema.

Nilisimama pale na sahani. Ilibaki karibu robo nzima ya filamu. Usiku ulipita kwenye maji. Kulipokucha, bata alikuja akitembea kwenye matope, anachechemea, manyoya yameshikana. Mtumbwi haukuwepo. Alikuwa peke yake. Mama mbuzi alimwendea, akaanza kumnusa mgongoni. Alinusa mgongo wote, polepole, mabawa, shingo, akarudia tena mgongo, pale mwanawe alipokuwa amejiegemeza. Hakuna aliyesema neno, hakukuwa na muziki. Na kwa kuwa alikuwa mbuzi wa kweli, uso wake haukubadilika. Alikuwa na jani mdomoni. Aliendelea kutafuna.

Kama ungekuwa mchoro, nadhani ningestahimili. Mchoro ungelia machozi makubwa ya buluu, nami ningejua ni wino. Huyu alitafuna.

“Kambo,” Merveille akasema, “we ulisema alirudia.”

“Ee.”

“Ulitudanganya?”

Nilimwuliza binti yangu kama hii ni mpya, kama wameubadilisha mwisho. Nilikuwa na hakika wameubadilisha. Watu wanaoweza kumnyang’anya mbuzi macho yake wanaweza lolote. Alitafuta kwenye simu yake, akapata ya zamani, ile yetu, akaipeleka mbele kwa kidole, akanigeuzia kioo. Nikaona matope yaliyochorwa. Nikaona bata wetu, yule wa sauti ya mama wa samaki, aliyechorwa, anakuja peke yake.

“Ya zamani pia, mama,” akasema. “Njo bile ilikuwa.”

Niliosha sahani. Niliiosha muda mrefu. Nilikuwa nimegundua mambo mawili na la pili lilikuja nyuma ya la kwanza kama mtu anayemsukuma mwenzake. La kwanza ni kwamba hakukuwa na matangazo ya sabuni. Yule baba alikata mwisho wa filamu ili mwanawe asilie, kwa kuwa kilio kilimfunga pumzi. Hilo ningeweza kulipenda. La pili ni kwamba, Ijumaa ile, aliposimama na kiganja kwenye mwimo wa mlango, yeye alijua. Mimi nilimwuliza si vile, naye alijua kwamba si vile, na mtoto wake alikuwa anamtazama, akajibu.

Jumatatu nilikwenda Musonoi. Mama bado anakaa katika nyumba ileile. Upande wa pili wa ukuta wanakaa watu wengine, mara tatu sasa wamebadilika. Nilimkuta uani anamenya karanga. Macho yake yamepungua lakini vidole havikosei. Nilikaa kwenye kigoda, nikamwambia nimekuja kusema kitu.

“Sema.”

“Unakumbuka siku Mama Ngalula alimuleta Ngalula?”

“Nakumbuka.”

“Mi njo nilisema aende.”

“Ee.”

Nikamweleza yote: kaseti, Likasi, mbuzi aliyetafuna. Nilimwambia nilimpeleka Ngalula kwenye treni ile kwa sababu ya mwisho ambao haukuwepo, na kwamba nimekaa na jambo hilo bila kulijua mpaka jana. Aliniacha nimalize. Hakuacha kumenya.

“Ulikuwa na myaka ngapi?” akauliza.

“Kumi.”

“Na mi?”

Nikahesabu. “Makumi tatu na moja.”

“Sasa mama wa myaka makumi tatu na moja anaombaka ruhusa ku mutoto wa kumi?”

Sikumwelewa. Aliona kwamba sikumwelewa, akaweka chini karanga alizokuwa ameshika.

“Niliogopa,” akasema. “Balisema nyumba yenye kuficha bantu banaichoma. Nilikuwa na mimba ya mudogo yako, baba yako hayuko. Sikuweza kumuambia mwenzangu apana mu macho yake. Tulikula naye myaka kumi. Basi nikakuuliza weye.”

“Kama ningesema ndiyo?”

“Ningetafuta kingine.”

“Kitu gani?”

“Sijue. Ningetafuta. Uliposema aende, nilipumua.”

Jogoo wa jirani alipita kati yetu akadonoa maganda. Nilikuja na kosa langu tayari mkononi ili anisamehe au anilaumu, na sasa sikujua pa kuliweka.

“Lakini Tata Tshimanga,” nikasema. “Yeye alijua. Juu ya nini alinijibu vile?”

Mama alikusanya maganda ya karanga kwa kiganja.

“Weye ulikuwa unamuangalia yeye,” akasema. “Yeye aliniangalia mi kwanza. Mbele ya kukujibu. Akaona nyumba yangu haina fasi. Angesema nini tena, na mutoto wake anasikia?”

Alizichukua tena karanga zake. Zikamwanguka mbili. Nikamwuliza kama amekunywa dawa yake ya presha. Akasema bado. Nikaingia ndani kuileta.